Korongo Asiyeruka

Kabla sijafungua mdomo, niapie kwamba hili halitoki hapa. Usimwambie mkeo, usimwambie mkwe wako, na yule mama wa duka la samaki usimwambie hata akikuongezea samaki wa bure. Umeapa? Haya. Mimi pia niliapa, mbele ya Veneta mwenyewe, mkono juu ya kikombe chake cha kahawa, na kabla kikombe hakijapoa nilikuwa nimeshampigia dada yangu. Sasa sikiliza. Kijiwe chetu kiko Burgas, ndani ya Bustani ya Bahari, pale juu ya ngazi zinazoteremka ufukweni: benchi moja refu, limepakwa rangi ya kijani mara nyingi mpaka mbao zimenenepa. Kando yake ni kibanda cha Veneta cha kahawa. Nyuma miti, mbele bahari, na katikati sisi wastaafu, ambao tunapanga mambo ya dunia nzima mpaka mchana, halafu kila mtu anakwenda kwake kula supu.

Watatu ni wanaume. Kuna Redio, jina lake Tsanko, tunamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Kuna Daktari, jina lake Minko, ambaye alikuwa dereva wa daktari wa mifugo na anasema kazi ilikuwa moja tu, ila mwenzake ndiye aliyevaa koti. Na kuna Admirali, yaani Zheko, aliyesimamia zile mashua za kupiga pedali kwenye bwawa la bustani, zenye vichwa vya bata. Bahari hajawahi kuivuka, anaumwa tumbo. Mimi ni Gina, wao wananiita Polisi. Sijui kwa nini. Mimi huuliza tu.

Basi ilikuwa mwezi wa tatu. Unajua siku ya kwanza ya Machi kila mtu mjini anafunga mkononi uzi mwekundu na mweupe, martenitsa, na hauvui mpaka amwone korongo wa kwanza wa mwaka. Ukimwona anaruka, mwaka wako ni wa safari. Ukimwona amesimama, unabaki ulipo. Waliosoma wanalicheka jambo hili, halafu ukiwaangalia vizuri, shingo zao zimeelekea juu.

Veneta ni mjane. Mwanawe Plamen yuko Valencia, huko Uhispania, ana mke, ana mtoto mchanga, na amemtengea mama yake chumba chenye roshani. Kila jioni anapiga simu: mama, funga kibanda, njoo. Mwaka mzima Veneta amekuwa akimjibu kwa kumwuliza mtoto anakula nini. Siku ile Plamen akasema hapana, mama, leo nataka neno moja. Veneta alikuwa anasuuza vikombe, simu kaiweka spika, sisi wote masikio wazi.

— Neno nitakupa nikimwona korongo, akasema. Akiwa anaruka, nakuja. Akiwa amesimama, nabaki.

Na yule kijana, mhandisi wa madaraja, akakubali. Akauliza tu korongo hufika lini. Mama yake akamwambia mwisho wa mwezi. Akasema sawa, nangoja.

Siku iliyofuata kahawa ilikuwa na ladha ya matanga. Tulikaa tukipasua mbegu za alizeti, mpaka Veneta akatoka nje na kusema jambo jingine. Akasema yeye miaka yote hii amechemsha kahawa hapa na pwani anaijua kwa upana wa dirisha la kibanda. Marehemu mumewe Bozhil hakupenda kutembea. Sasa kama anaondoka, kwanza anataka auone huo mji anaouacha. Kila Jumapili atafunga na kwenda mahali pamoja: Jumapili ya kwanza mwisho kabisa wa bustani, huko kaskazini, ya pili ziwa la chumvi, ya tatu matete ya kusini, nje ya mji.

Nasi tukaamua kumsindikiza. Wapo watu wenye roho mbaya watakaosema tulihofia kukosa kahawa. Mimi nilikwenda kwa ajili ya miguu yangu.

Jumapili ya kwanza tulitembea mpaka nikajuta. Bustani ile haina mwisho, bwana. Unapita misonobari, unapita sanamu za watu wasiojulikana, unapita wazee wanaocheza chesi, na bado iko mbele inakungoja. Admirali alituacha katikati, akisema anakwenda haja, na alikaa huko muda ambao mtu mwenye afya angekuwa amejenga choo. Tulipokaribia bwawa la mwisho, Redio akasimama ghafla akanong'ona kwamba kuna korongo. Ng'ambo ya bwawa kweli alikuwepo, mweupe, mbawa nyeusi, mguu mmoja, hatikisiki. Veneta alikuwa ameinama anatoa jiwe kwenye kiatu. Kabla hajainuka, mvua ikashuka kama mtu kamwaga ndoo, tukakimbilia chini ya paa la jukwaa la muziki. Mvua ilipokatika, korongo hayupo. Admirali akarudi, amelowa chapa, anahema.

Jumatatu benchi likajaa elimu. Redio akaeleza kwamba huyo si korongo wa kawaida, ni mpelelezi. Makorongo, alisema, wanakaa Afrika miezi yote ya baridi wanakula panzi wa watu bure, sasa mwaka huu hawana uhakika kama kurudi kunalipa. Wametuma mmoja aje aangalie vyura wa Burgas wana hali gani, akitoa ripoti mbaya hawaji tena. Daktari akamsikiliza kwa huruma, jinsi anavyowasikiliza watu wote, akasema yeye aliuangalia mguu.

— Mguu mmoja, akasema Daktari.

— Korongo husimama mguu mmoja, akasema Redio.

— Husimama mmoja, wa pili kaukunja. Huyu hakukunja. Hana.

— Sasa katuaje kutoka Afrika kwa mguu mmoja?

— Kwani alikuja kwa miguu?

Redio akanyamaza, jambo ambalo hutokea mara moja kwa msimu. Admirali yeye hakutoa nadharia. Alilalamika tu kwamba upepo wa mashariki unamwua mgongo, akanywa kahawa yake polepole akimtazama Veneta akifuta dirisha, halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa, kama Jumapili ijayo bado ni ziwa la chumvi na watapita upande gani. Veneta akamwambia upande wa barabara. Mimi nikalisikia hilo nikaliweka.

Jumapili ya pili tukaenda ziwa la chumvi. Mwezi wa tatu maji bado ya kijivu, ule wekundu unaolifanya maarufu huja kiangazi. Lakini tope jeusi la dawa ya viungo lilikuwepo, na Daktari akakunja suruali akajipaka magoti yote mawili kwenye baridi ile, akasema atalinawa nyumbani. Harufu tuliibeba sote. Veneta alitembea mbele, mikono nyuma kama mkaguzi. Akauliza zile nguzo za mbao za kukingia chumvi ni za zamani kiasi gani, akauliza wale ndege wenye midomo iliyopinda kwenda juu wanakula nini. Hakuna aliyejua. Tumezaliwa hapa, bwana, na tulikuwa tunatazama ziwa letu kama watu walioshushwa na basi.

Na pale mbali, kwenye tuta ambalo watu hawaruhusiwi kukanyaga kwa sababu ndege wanaanza kutaga, akasimama korongo. Yuleyule. Mguu mmoja.

— Huyo pale, Veneta, akasema Redio. Amesimama. Tazama alivyosimama.

Veneta akafinya macho. Miwani ameiacha kibandani.

— Naona kitu cheupe, akasema. Anaweza kuwa korongo, anaweza kuwa mfuko wa saruji.

Tukamwapia kwa afya zetu kwamba ni korongo. Akakataa. Akasema korongo wa kumbakiza mtu au kumhamisha ni lazima amwone kwa macho yake, si kwa kuambiwa na watu watatu ambao wiki iliyopita walibishana kama mwezi ni sayari. Akageuka, tukageuka naye. Admirali siku ile hakuwa nasi. Alisema anaumwa mgongo.

Wiki hiyo kijiwe kilipanda joto. Redio aliacha habari ya upelelezi akaja na jambo zito zaidi: korongo huyo anamfuata Veneta. Bustanini alikuwepo, ziwani alikuwepo. Ndege hafuati mjane bila sababu. Akashusha sauti akasema huenda ni Bozhil.

— Bozhil gani, nikamwuliza.

— Marehemu. Karudi kumzuia asiondoke.

Daktari akafikiri, magoti yake bado yananuka. Akasema haiwezekani, yeye alimjua Bozhil tangu jeshini, na Bozhil maishani mwake hakuwahi kusimama muda wote huo wakati kuna mahali pa kukaa. Yeye anaona ile ni mashine. Manispaa imeweka korongo mwenye kamera ili kuhesabu wastaafu wanaoingia kwenye bustani na maziwa bila kulipa. Nikamwambia bustani hailipiwi. Akasema ndiyo maana wanatuhesabu, wanajiandaa. Redio akaongeza kwamba mashine ya namna hiyo lazima imetoka Uhispania, na nani yuko Uhispania? Plamen. Mhandisi. Daktari akampinga: Plamen angetuma korongo anayeruka, huyu anasimama, kwa hiyo ni adui wa Plamen. Wakabishana mpaka wakasahau wanabishania upande gani, na nilipowasikiliza mara ya pili kila mmoja alikuwa anatetea maneno ya mwenzake.

Nikainuka nikaingia kibandani. Mimi ni mkubwa kwa Veneta, naruhusiwa.

— Mwanangu, nikamwambia, achana na ndege. Wewe mwenyewe unataka nini?

Alikuwa anapanga vikombe, vile vidogo, kimoja juu ya kingine.

— Nataka nisiulizwe, akasema.

— Na Plamen?

— Plamen ni mtoto mzuri, mama Gina. Angekuwa mbaya ningeshamjibu.

Akaniambia mjukuu ameota jino. Akanionyesha kwenye simu. Jino lenyewe halikuonekana, ulionekana ufizi, lakini nikasema jino zuri. Akageuka kuwasha mashine na hakunitazama tena. Nikatoka nikakaa na wale wajinga wangu, na kwa mara ya kwanza sikutamani kuuliza kitu.

Katikati ya wiki akaja mteja mgeni, Mariela, dada wa makamo mwenye mbwa mdogo wa rangi ya karanga. Amehamia mjini kutoka Pleven kwa ajili ya kifua, daktari wake wa kweli amemwambia avute hewa ya bahari. Uzi wake mkononi ulikuwa mpana kuliko wa mtu yeyote, wenye vidoli viwili vinavyoning'inia. Akauliza watu wa hapa Jumapili hutembea wapi. Veneta akamwambia, njoo nasi, tunakwenda kwenye matete. Hivyo tu. Hakuna aliyemweleza habari ya Plamen wala ya korongo. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamweleza, na mimi, utaniamini au hutaniamini, siku ile koo lilikuwa linaniuma.

Jumapili ya tatu mgongo wa Admirali ukazidi. Alimtuma Redio aseme amelala. Tukapanda basi, tukashuka nje ya mji pale bomba kubwa linapopita, tukaingia kwenye njia ya mbao inayokata matete. Siku ilikuwa ya joto la kuibia watu makoti, upepo wa kusini, anga safi kama sahani iliyooshwa. Veneta alikuwa amevaa miwani. Nilimwona akiifuta kwa kitambaa chake kabla hatujashuka basi, akaivaa, akaivua, akaivaa tena.

Tulikata kona ya kibanda cha kutazamia ndege, na mbele yetu, karibu kabisa na njia, karibu kiasi kwamba ungeweza kumrushia mkate, akasimama korongo.

Sasa kwa karibu, wewe, nikwambie ukweli. Mdomo ulikuwa umepakwa rangi nyekundu ileile ya vichwa vya bata vya mashua za pedali. Mguu ulikuwa mpini wa ufagio. Alikuwa korongo wa plastiki, yale mapambo ambayo watu wenye nyumba za shamba huweka kwenye nyasi karibu na kisima. Nilimwangalia Daktari, naye akaniangalia. Redio akafungua mdomo nikamkanyaga mguu. Kwa sababu Veneta alikuwa anamtazama ndege yule kwa miwani yake yote, amesimama wima, mkono umeshika uzi, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayengoja jina lake liitwe ofisini.

Mbwa wa Mariela akabweka mara moja.

Korongo akaanza kuegemea. Polepole, upande mmoja, kama mlevi anayemsikiliza mwenzake. Akaegemea zaidi. Kisha matete yakafunguka, ukatoka mkono, ukamshika shingo na kumrudisha wima.

Hakuna aliyesogea. Ule mkono nao ukatambua kwamba umeonekana, ukabaki pale hewani umeshika shingo, haujui urudi ama ubaki. Veneta akapiga hatua mbili akayafungua matete. Admirali alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, amevaa ile suruali ya mpira ya wavuvi inayofika kifuani, midomo ya bluu, majani kichwani.

— Zheko, akasema Veneta.

— Naam.

— Unafanya nini humo?

— Namshika.

— Unamshika kwa nini?

Admirali akamtazama korongo kana kwamba swali lilikuwa la korongo.

— Akianguka, akasema, utakuwa hukumwona amesimama.

Mimi nimesikia wanaume wakisema mambo mengi kwa wanawake, mengine niliambiwa mwenyewe nilipokuwa na kiuno. Sijasikia kama hilo. Veneta hakucheka. Hakumkaripia pia. Akabaki ameyashika matete kwa mikono miwili kama pazia, wanatazamana, na yule wa plastiki katikati yao akitazama upande.

Hapo ndipo kivuli kikapita.

Kilipita juu ya maji, kikapanda kwenye njia ya mbao, kikavuka viatu vyangu. Kikaja kingine. Kikaja cha tatu na vingine nyuma yake, vipana, vinazunguka bila sauti, kwa sababu makorongo wakiruka hawapigi kelele. Upepo wa kusini, joto, mchana. Sisi ni watu wa hapa, hatukuhitaji kuambiana. Redio akainamisha kichwa akaanza kusoma kamba za viatu vyake. Daktari akagundua kitu muhimu kwenye goti. Admirali ndani ya maji akamkumbatia korongo wake na kuzamisha kidevu kwenye mgongo wa plastiki. Mimi nilitazama, kwa jicho moja tu, mimi si jiwe: anga lote lilikuwa linazunguka, mamia kwa mamia, wamerudi wote, na hakuna hata mmoja aliyesimama.

Mariela peke yake ndiye aliyeinua uso. Alikuwa anafungua uzi wake huku anacheka, shingo imepinda nyuma, vidoli vinacheza mkononi, anasema afadhali, mwaka huu nitasafiri, angalia, angalieni. Vivuli vikampita Veneta usoni, vikapita kwenye vioo vya miwani yake, kimoja baada ya kingine. Mtu yeyote angeinua kichwa. Nzi akipita unainua kichwa.

— Dada Veneta, akauliza Mariela, mbona wewe hutazami juu?

Sisi tuliokuwa tunajua tuliacha viatu na magoti tukamgeukia Veneta, hata Admirali alitoa kidevu mgongoni mwa ndege. Naye alikuwa mwekundu mpaka masikioni, vidole amevikaza kwenye matete, macho yake yote mawili ameyapigilia kwenye lile jicho la rangi la korongo wa plastiki, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano na nyumba inaungua nyuma yake.